Dirisha Nalo Lipige Hodi

MAONI YETU

Wiki iliyopita tulikaa kwenye benchi la ofisi moja ya umma hapa Mjini Unguja, tukisubiri huduma. Karani alikuwa akiingiza namba ndefu ya malipo, macho kwenye karatasi, vidole kwenye kibodi. Mara dirisha jengine likachomoza katikati ya skrini, likiuliza kama kompyuta izimwe ili programu zake zisasishwe. Hakuliona. Tarakimu za mwisho zikapotea, na alipobonyeza Enta, mashine ikahesabu kuwa amejibu ndiyo. Ikazima, ikaanza kujisasisha, na foleni nzima ikakaa kuitazama. Ndani ya foleni hiyo alikuwemo bibi aliyetoka Makunduchi na daladala ya asubuhi.

Karani yule hakukosea. Aliyekosea ni aliyemkabidhi mashine bila kuipanga.

Jambo lenyewe ni jepesi kulielewa. Kwenye skrini madirisha yanaweza kuwa kumi, lakini kibodi ni moja, kwa hiyo kila wakati ni dirisha moja tu lenye zamu ya kuandikiwa. Mifumo mingi hutoa zamu kwa kubofya: unapobofya ndipo unapoandika. Ipo njia nyengine, ya zamu kufuata kipanya: kielekezi kikipita juu ya dirisha, dirisha hilo linapokea maandishi bila kubofywa. Anayenakili taarifa kutoka dirisha moja kwenda jengine kutwa nzima, au ambaye mkono wake unauma kwa kubofya, atapumzika sana akiitumia. Lakini kwenye meza yenye msongamano, ambapo faili likigusa kipanya zamu inahama, njia hiyo italeta makosa. Kila mtu achague kwa kazi yake.

Kinachotuuma zaidi ni programu inayojichukulia zamu bila kuitwa. Leo ni tarakimu zilizopotea. Kesho ni neno la siri lililoangukia kwenye ujumbe wa mtu mwengine. Kwetu Unguja mgeni hupiga hodi, na akipiga mara tatu asiitikiwe, hurudi alikotoka. Adabu hiyo inafaa kudaiwa kwa mashine pia, na mashine inafundishika.

Watengenezaji wamelijua tatizo hili siku nyingi. Tangu Windows 98 na Windows 2000, Microsoft iliweka kizuizi: programu iliyo nyuma ikitaka kujitokeza wakati mtu anaandika, kitufe chake kwenye upau wa chini humetameta tu mpaka mwenyewe akiitikie. Kizuizi hicho kina mianya, ndiyo maana bado tunasumbuliwa. Kwenye mfumo wa Linux, mazingira ya KDE yana ngazi tano za kuzuia uporaji wa zamu, kuanzia kuacha milango wazi hadi kufunga kabisa, na mazingira ya Xfce yana kisanduku cha kutia alama kwa kazi hiyo hiyo. Mwenye Windows anayetaka zamu ifuate kipanya ataikuta kwenye Paneli ya Udhibiti, sehemu ya kurahisisha matumizi ya kipanya. Vyote hivi havina malipo.

Kwa ofisi zetu, hatua tatu zinatosha kuanzia. Kwanza, ziondolewe programu zinazojiwasha zenyewe kila kompyuta inapofunguliwa, kwani nyingi ya bughudha hutoka huko. Pili, Windows 10 na 11 zielezwe saa za kazi, ili zisijizime na kujiwasha wananchi wakiwa kwenye foleni. Tatu, kila karani aonyeshwe kwa vitendo namna ya kutambua dirisha lenye zamu kabla ya kubonyeza Enta. Mafunzo hayo hayahitaji semina ya hotelini. Fundi mmoja na nusu saa kwenye meza ya karani vinatosha.

Tunaiomba Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar iandike mpangilio mmoja wa kufuatwa na kila kompyuta inayohudumia wananchi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume ziwafundishe vijana kuipanga mashine, maana kuiendesha tu hakutoshi. Na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza lugha yetu. Uwezo tunao. Baraza la Kiswahili Zanzibar (BAKIZA) litupe neno la dirisha lenye kibodi. Sisi tumelitumia hapa neno zamu, na tunaona linatosha.

Serikali imenunua kompyuta ili foleni zipungue. Mkuu wa ofisi unayesoma haya, kesho asubuhi, kabla ya kufungua mlango, kaa kwenye kiti cha karani wako na uandike kwa robo saa. Dirisha lolote litakalokuingilia bila hodi, liondoe siku hiyo hiyo.