Dar Haiishii Masaki

Bumu likitoka huhitaji kuangalia simu ili ujue. Utasikia kwenye korido. Waliokuwa wanashindia chipsi kavu wiki nzima wanaagiza kuku, madeni ya vocha yanalipwa bila kukumbushana, na Ijumaa ikifika saa mbili usiku kila chumba kinaulizana swali moja: "Oya, leo kiwanja gani?" Jibu linajulikana kabla swali halijaisha. Masaki. Hela ikiwa imeingia pungufu, basi Samaki Samaki pale Mlimani City, maana hapo mtu anaweza kurudi kwa miguu. Mwenye mshikaji mwenye gari anakwenda Kidimbwi, Mbezi Beach, akakanyage mchanga.

Mimi sina ugomvi na Masaki. Spika nzuri, choo kina sabuni, na mtu akitaka kucheza mpaka jasho limtoke ni haki yake. Ninachobisha ni hii tabia ya kukaa miaka mitatu au minne kwenye jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, halafu unaondoka na digrii na picha mia mbili zilizopigwa kwenye kona moja, chini ya taa moja ya zambarau. Mtu huyo ukimuuliza Dar ikoje usiku, atakuambia bei.

Tufanye hesabu kidogo, hata kama wewe ni wa kozi za sanaa kama mimi. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 mkopo wa chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Sasa weka kiingilio, bia mbili tatu kwa bei ya huko, sahani ya kitu kisichoshibisha, na gari la mtandaoni kwenda na kurudi hata mkigawana wanne. Siku kadhaa za chakula zimeondoka na bado hujamnunulia mtu soda. Bia ile ile ya kiwanda kile kile, ambayo Sinza unaipata kwa buku mbili au juu kidogo, huko inaweza kufika mara mbili na zaidi. Na kwa sababu bei ni hiyo, watu wanaanza mapema hosteli. Chupa ndogo ya pombe kali inazungushwa chumbani ili wafike wameshachangamka wasinunue kitu. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini akili ya kiroba ipo palepale, imehamia kwenye chupa. Mtu anafika saa tano kashalewa, anashika maji ya kunywa pembeni ya spika, anapiga picha, anarudi. Huko ni kusafirisha ulevi, si kutoka.

Wakati huo huo Sinza iko hapo chini ya mlima wetu. Kila siku konda anaita "kwa Remmy, kwa Remmy" na tunashuka bila hata kujiuliza Remmy ni nani. Ni Remmy Ongala, mwanamuziki aliyetoka Kongo akaingia Dar mwaka 1978, akapiga na Orchestra Makassy kabla ya kutamba na Matimila. Alifariki 2010, kituo kikabaki na jina lake. Ni wangapi katika jiji hili wamepewa kituo cha daladala kwa sababu tu ya kupiga gitaa na kusema ukweli?

Baa ya Sinza ina taratibu zake, na ukizijua utajisikia mwenyeji popote kuanzia Kimara mpaka Mbagala. Unaulizwa "ya baridi au ya moto?" na jibu lolote ni sawa, usishangae mzee wa meza ya pili akitaka ya moto. Nyama na bia mara nyingi si biashara moja: jiko lina mwenyewe, kaunta ina mwenyewe, kwa hiyo nusu kilo yako unaelewana na mchoma nyama na kumlipa yeye, kinywaji unamlipa mhudumu. Unakwenda mwenyewe jikoni, unachagua kipande, unasema ndizi ngapi, unarudi kukaa. Hapo katikati kuna dakika arobaini za kusubiri, na hizo dakika arobaini ndizo zilizonipeleka baa kuliko nyama yenyewe. Fundi wa friji atakueleza kwa nini umeme ukikatika na kurudi ghafla unamletea wateja. Dereva wa lori la Tunduma atakusimulia foleni ya mpakani kuliko kitabu chochote cha biashara ya kimataifa. Hakuna anayekupigia kelele ukimaliza saa mbili na soda moja.

Halafu kuna dansi. Kwenye DS tunaandika insha kurasa kumi kuhusu mashirika ya umma na Ujamaa, wengi kwa kudesa, lakini Msondo na Sikinde hatujawahi kuwaona wakiwa jukwaani. Msondo ilianza 1964 ikiwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi; chama kilipobadilika jina, bendi nayo ikawa JUWATA, kisha OTTU. Sikinde, yaani Mlimani Park, iliundwa 1978, na baadaye ikawa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Fikiria hilo: shirika la umma lina bendi, na mwanamuziki yuko kwenye mshahara. Ndiyo maana nyimbo zao hazina haraka. Zinaanza taratibu kama mtu anayesimulia msiba wa jirani, mashairi yanaisha, kisha linaingia chemko na tarumbeta zinaanza kujibizana na magitaa, na wazee wenye viatu vyeupe wanainuka kama waliokuwa wanasubiri ruhusa. Niliwahi kuona bibi wa miaka ya sabini hivi akimfundisha hatua kijana wa mwaka wa pili, uhandisi, ambaye alikuwa amekuja kucheka. Hakucheka tena. Aliomba wimbo mwingine.

Upande wa uswazi ni singeli. Tandale, Manzese, Mburahati, muziki wa kasi ambao ukiusikia mara ya kwanza unadhani spika imeharibika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko kutoka Sisso Studios ya Mburahati, na watu wa Ulaya wakaanza kuandika makala. Sisi tulio umbali wa nauli moja ya daladala bado tunauita wa wahuni. Ila kuna jambo: ukienda, nenda kama mgeni wa watu. Wapo wanafunzi wanaokwenda kwenye shughuli za mtaa kurekodi tu watu wakicheza, kisha video inarushwa kwenye makundi ya wenzao ikiwa na maneno ya kejeli. Afadhali hao wabaki Masaki na taa zao.

Na kwa wenzangu wasiogusa pombe, kwa dini au kwa tumbo, usiku wa jiji hili haukuanzia kwenye chupa. Vijiwe vya kahawa na kashata vya Kariakoo na Magomeni vinaanza kunoga baada ya Isha, na pale huwezi kutoa hoja ya Simba na Yanga bila ushahidi. Coco Beach mihogo ya pilipili bado ni chakula cha mwenye hela na asiye nayo.

Sasa linalonikera. Haya yote niliyoandika kaka anaweza kuyafanya kesho. Mimi ni msichana, na nikikaa baa dakika kumi bila mwanaume mezani, bia ambayo sikuagiza itafika. Mhudumu ataiweka na kusema "yule kaka pale amekutumia". Ukiipokea umekubali mazungumzo, ukiikataa unaringa. Nilichojifunza ni kusema, "Dada, mwambie asante, irudishe kaunta," kabla haijafunguliwa. Mara nyingi mhudumu mwenyewe ndiye anayenisaidia. Mmoja alinivutia kiti karibu na kaunta akaniambia, "Kaa hapa mdogo wangu, hapa hawakusumbui."

Huyo dada, ambaye wengine bado wanamwita baamedi kwa sauti ile, alikuwa na umri wangu, au kanizidi mwaka. Amesimama tangu saa tisa alasiri. Mteja akikimbia bila kulipa, kwenye baa nyingi deni ni lake. Akishikwa kiuno anatakiwa acheke ili meza isihame. Na wanaomshika si madereva wa lori peke yao. Nimewaona vijana wenye vitambulisho vya chuo mfukoni, wenye kujua maana ya "jinsia" kwenye mtihani, wakimpigia mluzi kama anaitwa mbuzi. Ukitaka kujua mwanaume aliyekualika ni wa aina gani, subiri aagize. Haihitaji zaidi ya hapo.

Kuna wakubwa wetu watakaosema dawa ni kuwa ndani saa nne. Watatukumbusha kwamba tumekuja kusoma, kwamba kuna disko la Masaki na kuna kudisko kwa Seneti, na moja linaleta lingine. Nakubali kwamba wapo walioondoka hivyo. Lakini saa nne ya geti haimzuii mtu kwenda, inamzuia kurudi. Akichelewa, analala alipo, kwa yeyote aliyeko, au anasubiri alfajiri kituoni. Kwa msichana hiyo ndiyo hatari yenyewe, na tumeifanya sheria.

Tatizo la usiku wetu ni njia ya kurudi. Daladala zinapungua, gari la mtandaoni linapandisha bei muda ule ule unaolihitaji, linabaki bodaboda, na bodaboda saa saba usiku na dereva ambaye naye alikuwa mezani ni jambo ambalo kila mmoja wetu ana jina la mtu wa kulisimulia. Masaki inashinda kwa sababu hiyo pia: watu wanakwenda kundi moja, gari moja, mahali pamoja, maana peke yako hufiki salama.

Serikali ya wanafunzi inajua kukodi magari. Inayakodi ya bonanza, inayakodi ya kupokea mwaka wa kwanza. Naomba Coaster mbili, Ijumaa na Jumamosi, saa sita kamili usiku: moja iondokee Mwenge, moja Sinza kwa Remmy, zipite Mlimani zimalizie Mabibo. Nauli buku. Nafasi za mbele ziwe za wasichana, na makondakta wawe wanafunzi wenyewe kwa zamu ili mtu ajulikane. Anayetaka kubaki mpaka asubuhi abaki kwa hiari yake. Wiki ya kwanza nitakonda mimi ile ya Sinza, ila mje na chenji.