Jina la Aliyepika

Toleo hili lote linahusu chakula, na tumeamua kulifungua kwa mwanamke mmoja Myahudi aliyezaliwa Cairo mwaka 1936. Claudia Roden hakuwa mpishi wa hoteli wala hakusomea historia. Alikwenda London kusomea uchoraji. Hata hivyo nasimamia dai langu: wanahistoria wachache sana wametuhifadhia maisha ya Wayahudi wa nchi za Kiarabu kama alivyoyahifadhi yeye kwa vitabu vya mapishi.

Alikulia Zamalek, kisiwa kilicho katikati ya mto Nile, katika ukoo wa Douek uliotoka Aleppo, Syria. Baba wa babu yake alikuwa rabi mkuu wa Aleppo zama za utawala wa Waturuki. Bibi yake mzaa mama alitoka Istanbul, naye alikuwa bado anazungumza Kihispania kile ambacho Wayahudi waliondoka nacho walipofukuzwa Hispania mwaka 1492. Nyumba moja, basi, ilikuwa na Syria, Uturuki, Hispania na Misri ndani yake, na kila moja ilikuwa na chungu chake.

Mwaka 1956 ukaja mgogoro wa Suez, Israel, Uingereza na Ufaransa zilipoishambulia Misri. Maelfu ya Wayahudi wa Misri wakafukuzwa, au wakabanwa hadi wakaona heri waondoke. Wazazi wa Claudia wakamfuata London, na nyumba yao ikawa kituo cha jamaa na marafiki waliokuwa njiani kwenda kutafuta nchi nyingine ya kuishi. Watu hawa hawakujua kama wataonana tena. Walichoanza kupeana, zaidi ya anwani, ni mapishi.

Jambo hilo lilikuwa geni kwao. Huko Cairo mapishi hayakuandikwa. Yalikuwa mali ya ukoo, mama akimrithisha binti, na mgeni hakupewa kirahisi. Uhamisho uliivunja siri hiyo. Claudia, akiwa msichana wa miaka ya ishirini, akachukua daftari na kuanza kuuliza. Aliowauliza walikuwa wapishi wa kukadiria kwa mkono na jicho. Mmoja anasema unga ukandwe mpaka ulainike kama ndewe ya sikio. Mwingine anasema utajua kimeiva kwa harufu. Yeye akaenda jikoni na mizani, akapika na kurudia mpaka ladha ikawa ile aliyoikumbuka, ndipo akaandika vipimo.

Kitabu chake cha kwanza, *A Book of Middle Eastern Food*, kilitoka mwaka 1968. Waingereza wengi wakati huo walidhani chakula cha Waarabu ni macho ya kondoo. Ndani yake wakakuta wali, biringani, dengu na kuku wa limau, pamoja na methali na visa vya Goha, yule mjanja wa Misri ambaye msomaji wetu atamwona ni ndugu wa Abunuwasi. Wakakuta pia historia. Alipotafuta vitabu vya Kiarabu kuhusu mapishi, Claudia aliangukia kitabu kilichoandikwa Baghdad mwaka 1226 na al-Baghdadi, kilichokwisha kutafsiriwa kwa Kiingereza na profesa mmoja wa lugha za Mashariki. Akakisoma na kukuta mle vyakula ambavyo shangazi zake walikuwa wakivipika. Sambusa imo, karne saba kabla ya mama yake kuijaza jibini na kuikunja nusu mwezi. Sambusa hiyohiyo ilishika njia nyingine, ya Uajemi na India, hadi ikafika kwenye meza za futari za pwani yetu.

Kazi iliyomchukua muda mrefu zaidi ni *The Book of Jewish Food*, iliyotoka Marekani mwaka 1996 baada ya miaka 16 ya utafiti, ikiwa na mapishi zaidi ya 800. Alipoianza, watu wengi walimwambia kwamba kitu kiitwacho chakula cha Kiyahudi hakipo. Myahudi wa Poland hula kama Mpolandi na wa Iraq kama Mwiraki. Hoja hiyo ina ukweli, naye hakuikana. Lakini aliangalia kwa karibu zaidi akaona mahali ambapo sheria ya dini huingia chunguni na kukibadilisha chakula cha nchi.

Chukua Sabato. Tangu jua la Ijumaa linapotua hadi usiku wa Jumamosi, Myahudi mshika dini hawashi moto wala hapiki. Lakini Sabato ni siku ya furaha, na inataka chakula cha moto. Ufumbuzi ukawa chungu kinachotangulizwa motoni kabla ya jua kutua na kuachwa usiku kucha juu ya moto mdogo. Morocco wanaweka nyama, dengu, ngano na viazi, wanaita dafina. Iraq wanajaza wali ndani ya kuku na kumzungushia wali mwingine, wanaita tbit. Ulaya Mashariki ni maharagwe na shayiri, wanaita cholent. Katika miji ya Morocco familia zilipeleka vyungu vyao alasiri ya Ijumaa kwenye tanuri la mwokaji wa mtaa, kila kimoja kikiwa na alama ya mwenyewe, na kesho yake baada ya sala vikafuatwa. Mayai yaliyozikwa humo hutoka yamegeuka rangi ya udongo hadi ndani, na kiini chake kinalainika kama siagi. Misri waliyachemsha kwa saa nyingi pamoja na maganda ya vitunguu, na Mwislamu, Mkristo na Myahudi wote wakayala pamoja na ful, yale maharagwe ya Kimisri.

Sheria nyingine inakataza nyama na maziwa kukutana. Kwa hiyo pale jirani Mwarabu alipokaangia nyama kwa samli, Myahudi alitumia mafuta, na jirani aliweza kuitambua nyumba kwa harufu tu.

Na ipo keki ya machungwa, ambayo nadhani ndiyo imelifikisha jina la Roden mbali kuliko kitu kingine chochote. Machungwa mawili huchemshwa mazima, na maganda yake, kwa muda wa saa moja na nusu au mbili, yakatolewa mbegu na kusagwa yote. Huchanganywa na mayai sita, gramu 250 za sukari na gramu 250 za lozi zilizosagwa, halafu huokwa. Haina unga wa ngano hata chembe, ndiyo maana inafaa wakati wa Pasaka ya Kiyahudi, ambapo chachu imekatazwa. Ni keki ya Wayahudi wenye asili ya Hispania, na Claudia aliipata kupitia ukoo. Leo inaokwa na watu wasiojua lolote kuhusu Pasaka hiyo wala njia ndefu iliyopita.

Ndiyo sababu namheshimu zaidi kwa jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka: anasema nani alimpa. Ukurasa baada ya ukurasa unakutana na shangazi, mke wa rafiki, bibi wa Tunis, na mji waliouacha. Na alipokuwa na kila sababu ya uchungu dhidi ya nchi iliyowatoa wazazi wake, katika kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka mmoja tu baada ya vita vya 1967 kati ya Israel na nchi za Kiarabu, aliviita vyakula vya Waarabu kwa majina yao ya Kiarabu na kuvisifu kwa moyo wote. Siku hizi watu wanagombana nani mwenye hummus, ile rojo ya dengu. Yeye alitaja mpishi, akataja mji, akaendelea na kazi. Mwaka 2021, akiwa na miaka 85, alitoa kitabu kingine, *Med*, cha vyakula ambavyo huwapikia marafiki zake nyumbani London.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna pilau, biriani, mkate wa kumimina na samaki wa kupaka wa koo nyingi, na sehemu kubwa bado imo vichwani mwa wazee. Waandishi wa toleo hili tumewapa sharti moja: pishi lolote lije na jina la aliyelifundisha, kama mwenyewe ameridhia, na mji au kijiji alikopikia. Makala mbili nzuri tulizirudisha kwa kukosa hilo, na zimekuja tena zikiwa bora. Sharti hilohilo ni la msomaji atakayetuandikia. Kama bibi anapima kwa kiganja, andika kiganja, halafu mwombe akimimine kwenye kikombe nawe upime.