Chekeche, Beseni na Kompyuta: Fizikia ya Watoto wa Maganzo



Mtoto wa Maganzo hulijua chekeche kabla ya kuijua rula. Mji huu uko kando ya barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani kabisa na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Nje ya uzio wa mgodi mkubwa wapo wachimbaji wadogo, na watoto wao huwaona kila siku wakitikisa changarawe ndani ya maji, kisha wakilipindua chekeche na kukodolea macho pale katikati, maana ndipo mawe mazito hukusanyika. Mtoto huyohuyo akifika kidato cha kwanza anaandikiwa ubaoni, kwa Kiingereza, kwamba densiti ni tungamo kugawanya kwa ujazo. Anakariri, anafanya mtihani, anasahau. Hakuna aliyemwambia kwamba kanuni ile ndiyo inayoleta unga nyumbani kwao.

Sisi mafrateri tuliotumwa huku kwa mwaka wa uchungaji tumekuwa tukikaa na watoto wa darasa la sita hadi kidato cha pili kila Jumamosi, baada ya katekisimu, katika ukumbi wa kigango. Tuna kompyuta mpakato tatu za mitumba, na tunawafundisha sayansi kwa kuandika programu ndogondogo. Baadhi ya waumini wametuuliza, kwa upole na wengine bila upole, kama hii ndiyo kazi tuliyotumwa. Tunaona ni haki yao kujibiwa.

Tunatumia Scratch, programu ya bure iliyotolewa na chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007. Mtoto haandiki mistari migumu, bali anaunganisha vipande vya amri kama anayepanga matofali. Ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Na jambo lililotufurahisha kuliko yote, amri zake zinaweza kusomeka kwa Kiswahili. Wanaojua jinsi mtoto anayetoka shule ya msingi ya Kiswahili anavyozama anapoingia sekondari wataelewa kwa nini hilo si jambo dogo.

Kazi ya kwanza ilikuwa chekeche. Tulichanganya kokoto na nati chache za chuma, tukatikisa ndani ya beseni la maji, tukapindua. Nati zilikuwa pale katikati, kama baba zao wanavyotafuta almasi. Ndipo tukawaambia: sasa ifundisheni kompyuta jambo hilo. Iambieni jiwe lipi lizame kwa kasi zaidi, na kwa nini.

Walikimbilia jibu ambalo hata sisi tungelitoa tukiwa na umri wao: lililo zito lizame haraka. Wakaandika hivyo. Kwenye kioo kokoto kubwa ikaitangulia nati ndogo, kwa kuwa kweli ilikuwa na gramu nyingi zaidi. Wakashangilia. Binti mmoja wa darasa la sita hakushangilia. Alikuwa bado anaangalia beseni. Akasema, "Frateri, kompyuta imekosea." Tukamjibu kwamba kompyuta haijakosea, imetii tu kile walichoiambia. Ukumbi ulinyamaza. Tangu hapo hatujawahi kuona watoto wakipima ujazo wa kokoto kwa chupa ya maji kwa bidii namna ile. Waligawanya gramu kwa ujazo, wakabadilisha amri, na kompyuta ikakubaliana na beseni.

Tukawapa na hesabu ya nyumbani kwao. Almasi ina takriban gramu 3.5 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na mawe meupe ya kawaida yanayojaa kwenye changarawe yana kama 2.6. Tofauti ndogo hiyo ndiyo riziki ya Maganzo.

Wiki iliyofuata tuliwaharibia tena. Tulichukua unga wa chuma kwa fundi wa kuchomelea, tukaumwaga kwenye chupa ndefu ya maji pamoja na kokoto moja. Programu yao ilisema chuma kitatangulia, maana densiti yake ni kubwa mno. Kokoto ikafika chini mara moja, na unga wa chuma ukabaki ukielea njiani kama vumbi. Hapa walikaa muda mrefu. Maji hukizuia kila kinachopita ndani yake, na kitu kidogo huzuiwa sana kuliko kikubwa ukilinganisha na uzito wake. Kijana mmoja ambaye baba yake ni mchekechaji ndiye aliyelipata. Alisema, "Ndiyo maana baba anaanza na chekeche la matundu makubwa, halafu madogo!" Kweli. Ukichanganya kubwa na dogo, kipimo kinadanganya. Lazima utenganishe kwanza kwa ukubwa, ndipo densiti ifanye kazi yake. Baba yule hakusoma fizikia, ila fizikia anaijua mikononi, na siku ile mwanawe alimtazama kwa heshima mpya.

Hiyo ndiyo hoja yetu. Kuandika programu kunamlazimisha mtoto aseme wazi anachoamini kuhusu ulimwengu, hatua kwa hatua, bila kujificha nyuma ya maneno aliyokariri. Halafu beseni linamhukumu. Kompyuta bila beseni ni hatari, kwa sababu kwenye kioo hata mawe yanaweza kupaa, na mtoto akazoea ulimwengu unaotii kila anachotaka. Viumbe vya Mungu havitutii hivyo. Tumeona shule moja, hatutaitaja, ambako kompyuta za msaada zimefunikwa vitambaa na ufunguo anao mtu asiyepatikana. Tumeona na nyingine ambako zinafanya kazi, lakini watoto wanajifunza kuchora maua tu. Hatujui ipi inasikitisha zaidi.

Watanzania tunaye wa kutukumbusha. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule uliopoa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Profesa Denis Osborne wakachapisha walichokiona. Wanasayansi wanabishana juu yake hadi leo. Tunataka watoto wenye ukaidi wa namna ile, wanaoamini beseni kuliko kelele za ukumbini.

Kwa ndugu zetu waseminari wanaodhani kompyuta ni anasa ya walimwengu: Padre Roberto Busa, Mjesuiti, mwaka 1949 alikwenda IBM kuomba msaada wa mashine ili apange kila neno la Mtakatifu Thoma wa Akwino. Sista Mary Kenneth Keller alipata udaktari wa sayansi ya kompyuta Marekani mwaka 1965, akiwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa nchini humo. Hawakuvua kanzu wala shela kwa ajili hiyo.

Na wazazi tunawaambia jambo zito zaidi. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa Mwadui lilipasuka, tope likaingia katika makazi na mashamba ya majirani zetu. Watoto wetu waliliona. Wengine bado wanaliota. Wanauliza kwa nini ukuta mkubwa vile ulishindwa, na wanastahili kuongezewa kitu juu ya sala, ingawa sala hatuziachi. Kila mita moja ya kina cha maji huongeza kanieneo la paskali karibu 9,800, na tope ni zito kuliko maji. Mtoto anayeweza kuandika hilo katika programu, akauona ukuta ukielemewa zaidi chini kuliko juu, atakuwa mtu mzima anayejua la kuuliza kwenye mkutano wa kijiji.

Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inasisitiza ujuzi kuliko kukariri. Vizuri, ila mtaala haufungui mlango wa ukumbi. Tunaomba maparoko na halmashauri za walei watupe ukumbi na umeme wa sola kwa saa mbili kila Jumamosi, na wachekechaji watuazime machekeche yao yaliyochakaa.

Jumamosi ijayo tunatoboa chupa matundu matatu, juu, katikati na chini. Watoto wameshaandika programu inayosema maji ya tundu lipi yataruka mbali zaidi. Binti yule wa darasa la sita hajakubali. Anasema inategemea chupa imewekwa juu ya meza ya kimo gani, na tumelala usiku mmoja tukibishana kama yuko sahihi.