Mkopo Umepunguzwa, Ada Je?



Wako wanaouliza: mambo ya vyuo vikuu vya Marekani yanatuhusu nini sisi wa viwandani na mashambani? Yanatuhusu. Chama cha wafanyakazi wa magari cha huko, UAW, kina wanachama wanaofundisha na kufanya utafiti vyuoni huku wakisoma. Mwaka 2022 wapatao 48,000 waligoma katika Chuo Kikuu cha California wakidai mishahara. Ni wenzetu.

Tangu 2006 serikali kuu ya nchi ile iliwakopesha wanaoendelea na masomo baada ya digrii ya kwanza gharama yote iliyotajwa na chuo. Chuo kikitaja dola elfu sitini, zinatolewa elfu sitini, na deni linabaki shingoni mwa mwanafunzi. Mpango huo hatuulilii. Sisi tuliokopa katika duka la shamba tunajua bei huendaje pale muuzaji anapokuwa na hakika ya kulipwa.

Sheria iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025 iliufunga mpango huo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Kikomo kikawa dola 20,500 kwa mwaka, jumla 100,000. Wanaosomea udaktari au sheria wakawekewa 50,000 kwa mwaka, jumla 200,000. Wauguzi, katika mapendekezo ya wizara ya Novemba 2025, waliachwa kundi la chini. Hata huko anayekesha na mgonjwa hahesabiwi mtaalamu!

Vyuo vimejibuje? Shule ya sheria ya Santa Clara, California, ilitangaza msaada wa dola 16,000 kwa kila mwanafunzi mpya wa muda wote, ili ada ishuke chini ya kikomo. Hapo tunapongeza. Lakini vyuo vingine vinawaelekeza wanafunzi kwenye mabenki binafsi, na swali la kwanza la benki ni: mdhamini wako nani? Mtoto wa wakili atamtaja babake. Mtoto wa mfagiaji wa hospitali amtaje nani? Tena mkopo wa serikali una njia ya kulipa kwa kadiri ya kipato. Benki hailazimiki.

Sisi tunasema chuo kinachompeleka mwanafunzi benki kiwe mdhamini wake chenyewe, na hesabu za ada ziwekwe mezani mbele ya chama. Kama kweli digrii hiyo ina thamani ya bei yake, chuo kinaogopa nini kutia sahihi?