Trekta Nalo Lahitaji Farumi

Mabaharia wa pwani wana neno ambalo mafundi wa bara wangefaa kuliazima: farumi. Ndio uzito, aghalabu mawe au mchanga, upakiwao chini ya jahazi lisilo na shehena ili lisiyumbe wala kupinduka. Nahodha atwekaye tanga bila ya farumi hulaumiwa hata kama siku hiyo amefika salama. Lakini trekta dogo lililofungwa kijiko cha mbele hufanya kazi mchana kutwa bila ya uzito wowote nyuma, wala halaumiwi mtu.

Chukulia mfano wa Igoma, kata ya Jiji la Mwanza iliyo kando ya barabara iendayo Musoma. Mji unapanuka upande huo, na nyumba hujengwa baina ya majabali na miteremko. Mchanga, kokoto na matofali havina budi kuhamishwa kutoka rundo hadi rundo, na katika kiwanja chembamba trekta dogo lenye kijiko lafaa kuliko mtambo mkubwa usioweza kugeuka. Dereva huchota mchanga uliolowa mvua, huinua kijiko, hurudi nyuma, kisha huanza kuteremka. Hapo magurudumu makubwa ya nyuma hugusa ardhi kwa shida. Dereva mzoefu hulisikia jambo hilo kiunoni kabla hajaliona kwa macho.

Sababu yake imo katika somo la wenzo, ambalo kila mwanafunzi wa sekondari hulisoma kwa rula iliyolazwa juu ya ncha ya kisu. Ekseli ya mbele ndiyo egemeo. Mchanga ulio kijikoni uko upande mmoja, na sehemu kubwa ya uzito wa trekta iko upande wa pili. Tuseme trekta, pamoja na kijiko kitupu na dereva wake, lina kilo 1,600. Ekseli ya mbele inabeba 850 na ya nyuma 750, na umbali kati ya ekseli hizo ni meta 1.6. Kijiko kikitiwa kilo 500 za mchanga, na kitovu cha mzigo huo kikiwa meta 1.5 mbele ya ekseli ya mbele, basi ekseli ya nyuma hupunguziwa 500 × 1.5 ÷ 1.6, yaani kilo 469 hivi. Hubakiwa na kilo 281. Ekseli ya mbele nayo sasa hubeba kilo 1,819. Mchanga ulikuwa kilo 500 tu, lakini ekseli hiyo imeongezewa karibu kilo 970. Asiyeamini na ajumlishe 281 na 1,819 aone kama hazikutimia 2,100.

Katika hesabu hiyo ekseli ya nyuma imebakiwa na asilimia 13 tu ya uzito wote, na matrekta madogo mengi yana breki katika magurudumu ya nyuma peke yake. Breki, hata ikiwa mpya, haiwezi kuzuia gurudumu lisiloikandamiza ardhi: gurudumu husimama, na trekta huendelea kuserereka. Likiwa ni trekta linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne, dereva aweza kujisaidia kwa kuunganisha mwendo wa mbele, maana hapo breki za nyuma huyashika hata magurudumu ya mbele kupitia gia. Hiyo ni nafuu tu. Uzito uliohama haukurudi.

Hatari ya ubavuni ni kubwa zaidi, na haitajwi mara nyingi. Trekta lina magurudumu manne lakini husimama kwa mafiga matatu. Ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja ya katikati ili ipate kuyafuata mashimo ya ardhi, hivyo mwili wa trekta hukaa juu ya pembetatu: magurudumu mawili ya nyuma, na pini hiyo. Mzigo unapovuta uzito kuja mbele, kitovu cha uzito hukaribia ncha nyembamba ya pembetatu. Kijiko kikiinuliwa juu, kitovu hicho hupanda pia. Katika hali hiyo jiwe dogo chini ya tairi moja, au kona iliyokatwa kwa haraka, latosha kukitoa nje ya mafiga. Ndiyo maana dereva mwangalifu hubeba mzigo kijiko kikiwa chini, karibu na ardhi, na ndiyo maana pia uangalifu wake pekee hautoshi.

Basi uzito wa kusawazisha uwekwe wapi? Wengi hudhani kwamba uzito ni uzito popote uwekwapo. Siyo. Kuna vile vyuma vya kutundika puani mwa trekta, ambavyo husaidia wakati wa kulima kwa plau, kwa kuwa katika kulima hofu ni pua kuinuka. Kijiko kimeigeuza hofu hiyo. Vyuma vya puani vikiachwa mahali pake vinasaidiana na mchanga kuinua nyuma. Yafaa viondolewe siku ile kijiko kinapofungwa. Kuna pia maji ndani ya tairi za nyuma. Hayo ni mazuri, na bei yake ni ndogo. Vitabu vya nchi za baridi hushauri kuyatia chumvi ya kalisi ili yasigande, na chumvi hiyo hula rimu. Mjini Mwanza, ambako maji hayagandi, shauri hilo halina kazi. Hata hivyo maji, pamoja na vyuma vinavyofungwa katika magurudumu, huongeza uzito wa nyuma bila ya kuipunguzia ekseli ya mbele hata kilo moja.

Mahali panapostahili hasa ni nyuma ya ekseli ya nyuma, katika mikono mitatu ya kubebea zana. Mikono hiyo ilienezwa duniani na mhandisi Harry Ferguson wa Ireland, na tangu mwaka 1939 ilionekana katika matrekta ya Ford. Ilikusudiwa plau, lakini kwa farumi ni kama imetengenezwa makusudi. Kilo 400 zilizotundikwa meta moja nyuma ya ekseli huiongezea ekseli hiyo 400 × 2.6 ÷ 1.6, yaani kilo 650, na huipunguzia ya mbele kilo 250. Trekta la mfano wetu sasa lina kilo 931 nyuma na 1,569 mbele. Sehemu ya nyuma imepanda kutoka asilimia 13 hadi 37, na pini ya mbele, fani na tairi zimepata nafuu. Kijiko kikiwa kitupu, mbele hubaki kilo 600 kati ya 2,000, ambazo zatosha kuushika usukani.

Kuna farumi nyingine ambayo haifai hata kutajwa katika orodha: mtu. Kijana wa kilo 70 akisimama nusu meta nyuma ya ekseli huongeza kilo 92 tu, na kazi yake hiyo ndogo ataifanya karibu na tairi zinazozunguka, juu ya chombo ambacho kimekwisha kuonyesha kwamba chataka kupinduka.

Watakuwapo wenye kusema kwamba wamefanya kazi miaka mingi bila ya uzito nyuma na hakuna aliyeumia. Igoma yenyewe ina jibu. Tarehe 21 Mei, 1996, meli MV Bukoba, iliyoruhusiwa abiria 430, ilipinduka ikiwa njiani kuja Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Wengi miongoni mwao wamezikwa Igoma, na makaburi yao yako huko hadi leo. Meli siyo trekta, na msiba ule ulikuwa na sababu zake za kibinadamu zisizofaa kurahisishwa. Lakini meli ile ilikuwa imesafiri ziwani miaka mingi na kufika. Safari zilizofika hazikuwa ushahidi kwamba mizani yake ilikuwa salama, kwa kuwa chombo kinachokaribia kupinduka hakitoi onyo polepole kama sufuria inayoanza kuvuja. Husimama, husimama, kisha hakisimami tena.

Wapo pia wenye kulalamika kwamba uzito hula mafuta na kukandamiza udongo wa shamba. Hilo ni kweli, na dawa yake ni kuuteremsha kazi ya kijiko ikiisha. Haro iliyopo tayari yaweza kuwa farumi shambani; katika kiwanja chembamba mkia wake mrefu utabomoa ukuta wa jirani, na hapo bonge fupi lililo zito ni bora.

Bonge hilo halihitaji kuagizwa ng'ambo. Zege lina kilo 2,400 hivi kwa kila meta moja ya ujazo, na pipa la kawaida huchukua lita 200. Pipa likijazwa zege hadi sehemu tano kati ya sita hufikia kilo 400 za mfano wetu. Likijazwa mchanga mkavu pekee halitafika huko, na mchanga hutembea. Kokoto za Mwanza ni za matale, na matale ni jiwe zito. Ugumu uko katika vyuma: pini mbili za chini na ile ya juu zishikane ndani ya zege kwa nondo zilizochomelewa, wala zisichomelewe kwenye bati la pipa, ambalo litaoza. Na kabla ya kumimina zege, kitabu cha trekta kisomwe, kwa kuwa mtengenezaji hutaja uzito wa juu wa ekseli, wa tairi na wa mikono. Uwezo wa mikono aghalabu hupimwa sentimeta 61 nyuma ya ncha zake. Mbali zaidi ya hapo hupungua. Tarakimu za kitabu zikipingana na za makala hii, za kitabu ndizo zifuatwe.

Lililobaki laweza kufanywa na darasa. Mwalimu wa fizikia awachukue wanafunzi wake hadi penye mizani ya magari, mathalani katika kiwanda cha kuchambulia pamba, ekseli ya nyuma ipandishwe peke yake, kijiko kikiwa kitupu, kisha kikiwa kimejaa, kisha bonge likiwa limetundikwa. Mzigo usipite uzito ulioandikwa kitabuni, kijiko kibaki chini, na mahali pawe tambarare. Kila mwanafunzi aandike jibu lake kabla ya dereva kusogeza trekta, na dereva naye aulizwe ametabiri kilo ngapi.