MUDA UKIONGEZWA, SABABU ISEMWE



Katika tawi letu hapa Mwala, kamati iliyopewa siku 60 kuchunguza fedha za mfuko wa mazishi imeomba muda kwa mara ya tatu. Wengine walipiga makofi, wengine walinung'unika. Mimi nasema tusikasirike bure, wala tusikubali bure. Tuulize kwanza: sababu ni nini, na mwisho ni lini?

Huko Marekani liko juri kuu, yaani raia 16 hadi 23 wanaoitwa kupima kama mtu ana mashtaka ya kujibu. Katika mahakama za serikali kuu, muhula wao haupiti miezi 18. Jaji aweza kuwaongezea miezi isiyozidi 6, akiona kuwa nyongeza hiyo ina faida kwa umma. Liko pia juri kuu la pekee, lililowekwa na sheria ya mwaka 1970 juu ya magenge ya uhalifu, na hilo laweza kufika miezi 36. Tena sheria yao yakataza mwajiri kumfukuza mfanyakazi wake wa kudumu kwa sababu ameitwa kuketi huko.

Sisi Kenya hatuna juri kuu, lakini tumeonja jambo hili. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2008, na makamishna wakaapishwa Agosti 2009. Walipewa miaka 2, na Bunge liliweza kuwaongezea miezi 6. Fedha zikawa haba, ukazuka na ugomvi juu ya mwenyekiti. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, hata ripoti ikafika kwa Rais tarehe 21 Mei 2013.

Je, nyongeza ile ilikuwa hasara? Sivyo. Maelezo zaidi ya 40,000 yalikuwa yamekusanywa, na kuifunga Tume kabla ya kuandika ripoti kungekuwa kuwanyamazisha waliosema. Lakini mwenye kungoja haki naye huzeeka, na shahidi hufa.

Fundi wa Wamunyu akichonga twiga akapitisha siku mbili, mteja hagombi, maana aona gogo linapungua. Akikuta gogo liko vile vile, ana haki ya kudai arubuni yake.

Basi kamati yetu ifanye hivi. Kwanza, isome mbele ya wanachama kazi iliyokwisha kufanywa. Pili, iseme ni daftari gani au shahidi gani anayengojewa. Tatu, itaje siku ya mwisho, na siku hiyo isisogezwe tena. Ikikataa, tuchague wengine. Fedha zile ni za wajane na yatima wetu, nao hawawezi kuomba nyongeza ya muda kwa njaa.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, Mwala