Herufi Moja Yatosha



Mwezi uliopita alitujia mzee mmoja pamoja na mwanawe, ambaye zamani alisoma chuoni kwetu. Kijana huyo sasa yu Chuo Kikuu, mwaka wa tatu, asoma elimu ya kompyuta. Baba amtaka ashike kazi ya benki amalizapo masomo, kwani nyumbani yupo binti mgonjwa wa selimundu, na dawa zahitaji fedha. Mwana ataka utafiti wa bayoinfomatiki. Baba akatuuliza: “Maalim, kompyuta na damu ya binti yangu vina uhusiano gani?”

Swali hili ni la haki. Maumbile ya mtu yameandikwa mwilini mwake kwa herufi nne tu, zikirudiwa kiasi cha mara bilioni 3. Wataalamu walianza kuzisoma mwaka 1990, wakatangaza kumaliza mwaka 2003. Hapana jicho liwezalo kulinganisha maandishi mengi namna hiyo. Kompyuta ndiyo ilinganishayo, na elimu ya kuitumikisha kwa kazi hiyo ndiyo bayoinfomatiki.

Sasa selimundu hutokana na herufi moja: pahala pa A pakaingia T. Sisi walimu wa chuoni hatustaajabu, kwani mtoto akisoma kaf badala ya qaf, “moyo” hugeuka “mbwa”. Kwa kosa hilo chembe ya damu hupindika mfano wa mundu, ikaziba mishipa. Arithiye kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani ya malaria kali. Arithiye kwa wote wawili ndiye auguaye.

Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri maumbile kwa ugonjwa huu. Bei yake Marekani ilitajwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Je, watoto wetu wasipoingia katika kazi hii, nani atatafuta tiba tuiwezayo sisi?

Basi tulimwambia baba: usimzuie. Na mwana tulimwambia: kompyuta peke yake haitoshi, jifunze elimu ya viumbe na hisabati kwa wajuao. Lisemalo kompyuta lithibitishwe maabara. Siri za wagonjwa ni amana. Wala usimwahidi dada yako tiba ya kesho. Likizo fanya kazi, umnunulie dawa za leo.

Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema: “Na aanze.”

Mwenyezi Mungu ampe binti huyo afya, na vijana wetu elimu yenye manufaa. Amin.